Mwamba ngoma huvutia kwake: nani amchagulie mlemavu mhudumu wake?

Huko Thamesmead, kusini-mashariki mwa London, kando ya mto Thames, majirani wawili wenye ulemavu wa aina moja wanaweza kuhudumiwa na serikali mbili tofauti za mitaa. Mpaka wa halmashauri za Greenwich na Bexley unapita katikati ya mji huo. Upande mmoja, afisa ustawi wa jamii anayebisha hodi ametumwa na Greenwich. Upande wa pili, ametumwa na Bexley.

Lakini kwa majirani wote wawili swali la kujiuliza ni moja: huyu anayenishauri nimchague mhudumu gani, yeye mwenyewe analipwa na nani?

Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Wanasheria huiita hali hiyo mgongano wa maslahi. Msikilizaji asidhani kwamba neno hilo lina maana ya wizi au rushwa. Mgongano wa maslahi ni hali: mtu ana wajibu wa kumtumikia mwingine, na papo hapo ana faida yake binafsi, au ya mwajiri wake, katika uamuzi ule ule. Huenda akawa mwadilifu kabisa. Hata hivyo ngoma iko mikononi mwake, na kamba anaivuta yeye.

Katika huduma za watu wenye ulemavu kuna kazi tatu kubwa. Kwanza, kupima mahitaji ya mtu. Pili, kumpatia huduma. Tatu, kukagua kama huduma hiyo inafaa. Historia ya Uingereza tangu mwaka 1948 yaweza kusomwa kama safari ndefu ya kuzitenganisha kazi hizo tatu, ili asiwepo mtu mmoja anayevaa kofia zote. Safari hiyo haijafika mwisho.

Mji wenye mwenyewe mmoja

Thamesmead ilijengwa juu ya ardhi ya kinamasi, sehemu yake ikiwa ni eneo la kiwanda cha zamani cha silaha cha Woolwich. Mjenzi alikuwa Baraza Kuu la London, GLC. Familia ya kwanza ilihamia mwaka 1968. Mpango ulikuwa kuwapatia makazi watu wapatao 60,000.

Kwa kuwa mafuriko makubwa ya mwaka 1953 yalikuwa bado hayajasahaulika, nyumba za mwanzo hazikuwa na vyumba vya kuishi chini kabisa. Chini ziliwekwa karakana za magari, na watu walipita juu, kwenye njia za zege zilizounganisha jengo na jengo. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mpango huo ulimaanisha kwamba kutoka nje au kubaki ndani kulitegemea lifti na njia za mteremko ambazo si yeye aliyeamua ziwekwe wapi.

GLC ndiyo iliyochora ramani, ikajenga, ikapangisha na kupokea kodi. Baraza hilo lilipovunjwa mwaka 1986, mji uliwekwa chini ya kampuni iliyoitwa Thamesmead Town. Mwaka 2000 majukumu ya kampuni hiyo yaligawanywa, na tangu mwaka 2014 shirika la nyumba la Peabody ndilo mmiliki mkuu. Leo Thamesmead ni miongoni mwa sehemu za London zinazojulikana kwa wakazi wengi wenye asili ya Afrika, hasa Wanigeria.

Huduma za ulemavu nazo zilikuwa na mwenyewe mmoja. Sheria ya mwaka 1970 iliyoletwa bungeni na Alf Morris, ambayo ilisifiwa sana wakati wake, ilizitaka halmashauri zijue idadi ya watu wenye ulemavu katika maeneo yao na kuwapatia misaada nyumbani. Lakini halmashauri ile ile ndiyo iliyopima, ndiyo iliyoajiri wahudumu, na ndiyo iliyopokea malalamiko. Mlalamikaji alipeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Sauti kutoka Le Court

Mwaka huo huo wa 1968, wakati familia ya kwanza ilipohamia Thamesmead, mkimbizi mmoja kutoka Afrika Kusini aliwasili Uingereza. Jina lake Vic Finkelstein. Alikuwa amepooza tangu ujana wake kutokana na ajali ya michezo, na alikuwa amefungwa gerezani kwa kuupinga ubaguzi wa rangi. Huko Uingereza aliona jambo alilolifahamu: watu wanatengwa, kisha wanaambiwa kwamba kutengwa huko ni kwa manufaa yao.

Finkelstein alikutana na Paul Hunt, Mwingereza aliyekuwa ameishi kwa miaka mingi katika makao ya Le Court, mkoani Hampshire. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1948 na Leonard Cheshire, rubani mashuhuri wa Vita Vikuu vya Pili. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakazi wa Le Court walivutana na uongozi juu ya mambo ambayo mtu mzima nyumbani kwake hamwombi mtu ruhusa: saa ya kulala, wageni, na nani aketi katika kamati.

Wakazi hao waliomba wataalamu wachunguze maisha ya makao kama hayo. Watafiti wawili wa taasisi ya Tavistock, Eric Miller na Geraldine Gwynne, walifanya kazi hiyo na kuchapisha kitabu mwaka 1972. Hunt na wenzake walikisoma kwa uchungu. Walitarajia kwamba haki yao ya kujiamulia ingetetewa. Badala yake waliona kwamba watafiti walijali zaidi namna ya kuyaendesha makao vizuri kuliko kuuliza kwa nini mtu awekwe humo. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1981, baada ya kifo chake, Hunt alihoji vikali madai ya wataalamu kwamba wao hawana upande. Kwa maoni yake, mtaalamu ambaye heshima na riziki yake inatoka kwa wenye makao tayari ana upande, hata kama hajui.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo hili. Kabla ya sheria yoyote kulitaja, watu wenye ulemavu wenyewe walikuwa wamekwisha kuutambua mgongano wa maslahi. Mwaka 1972 Hunt aliandika barua katika gazeti la Guardian akiwaalika wenzake waungane. Kutokana na barua hiyo kilizaliwa chama cha UPIAS, ambacho uanachama wake kamili ulikuwa wa watu wenye ulemavu peke yao. Tofauti kati ya chama "cha" watu wenye ulemavu na chama "kwa ajili ya" watu wenye ulemavu ikawa suala la kisiasa.

Tofauti hiyo ilifika pia mitaa ya Thamesmead. Katika halmashauri ya Greenwich kulikuwa na chama cha watu wenye ulemavu wenyewe, Greenwich Association of Disabled People, ambacho miongoni mwa viongozi wake alikuwa Rachel Hurst, aliyekuwa baadaye mmoja wa waanzilishi wa shirika la kimataifa la Disability Awareness in Action mwaka 1992.

Fedha bila mpimaji

Miaka ya 1980 ilileta aina nyingine ya mgongano. Serikali iliruhusu mfuko wa hifadhi ya jamii ulipie nafasi katika makao ya watu binafsi, bila ya mtu yeyote kupima kama mhusika kweli alihitaji kuishi huko. Mwenye makao ndiye aliyempokea mteja, na hundi ikafuata. Gharama hizo zilipanda kutoka pauni milioni 10 mwaka 1979 hadi zaidi ya pauni bilioni 1 miaka kumi baadaye.

Ukaguzi nao ulikuwa na kasoro yake. Sheria ya mwaka 1984 ilizipa halmashauri kazi ya kusajili na kukagua makao binafsi. Halmashauri hizo hizo zilikuwa na makao yao wenyewe, ambayo hayakubanwa na usajili huo. Mshindani alikuwa ndiye refa.

Wakati huo huo milango ya taasisi kubwa ilikuwa ikifungwa. Hospitali ya Darenth Park, karibu na Dartford, si mbali na Thamesmead, ilikuwa na historia ya zaidi ya karne moja ya kuwaweka watu wenye ulemavu wa akili, wengi wao wakitoka kusini-mashariki mwa London. Ilifungwa mwaka 1988, ikiwa ya kwanza miongoni mwa hospitali kubwa za aina hiyo nchini England. Watu waliokaa humo kwa miongo kadhaa walihamishiwa katika nyumba za kawaida mitaani. Kwa mara ya kwanza lilizuka swali ambalo hospitali haikulihitaji: nani atachaguliwa kuwahudumia, na nani atasema kwa niaba ya mtu ambaye hawezi kusema mwenyewe?

Kununua, kutoa, kukagua

Jibu la serikali lilikuwa sheria ya mwaka 1990, iliyotekelezwa kikamilifu kuanzia Aprili 1993. Halmashauri zilitakiwa zipime mahitaji kwanza, kisha zinunue huduma, na sehemu kubwa ya fedha mpya zilizotolewa na serikali kuu ilibidi itumike kwa watoa huduma walio nje ya halmashauri. Mpimaji na mtoa huduma wakaanza kuachana.

Ukaguzi ulifuata. Sheria ya mwaka 2000 iliuondoa mikononi mwa halmashauri, na kuanzia Aprili 2002 ukawa chini ya tume ya taifa. Tangu Aprili 2009 kazi hiyo nchini England inafanywa na Tume ya Ubora wa Huduma, CQC, ambayo ripoti zake zinapatikana kwa umma bila malipo.

Mabadiliko ya tatu yalitoka kwa watu wenye ulemavu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Evans na wenzake wa Le Court walianzisha mradi waliouita Project 81. Hoja yao ilikuwa rahisi: fedha ambazo halmashauri ya Hampshire inalipa makao, ilipe kwa ajili ya wasaidizi tutakaowachagua sisi, katika nyumba zetu. Sheria ya mwaka 1948 ilizikataza halmashauri kumpa mtu mwenye ulemavu fedha taslimu, kwa hiyo ilibidi fedha zipitie mikono ya mtu wa tatu. Kizuizi hicho kiliondolewa na sheria ya malipo ya moja kwa moja ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Aprili 1997.

Anayelipwa moja kwa moja ndiye mwajiri: huajiri msaidizi na kumwachisha kazi. Lakini sheria iliona kwamba mgongano wa maslahi unaweza kuketi hata kwenye meza ya chakula. Kwa kawaida fedha hizo hazitumiki kumlipa mume, mke au ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja na mhusika, isipokuwa halmashauri ikubali kwamba ni lazima. Sababu yake si kuwadharau ndugu. Ni kwamba mtu akiwa mwana, mlipwaji na mtunza hesabu kwa wakati mmoja, mama yake atapata shida kumwambia kwamba kazi yake haifai.

Mfuko wa anayepima

Mgongano mmoja lakini ulibaki, nao upo hadi leo. Halmashauri inayopima mahitaji ndiyo inayolipa. Mwaka 1997, katika kesi iliyohusu halmashauri ya Gloucestershire, majaji wa Baraza la Malodi waligawanyika watatu kwa wawili. Walio wengi waliamua kwamba halmashauri inaweza kuzingatia uwezo wa mfuko wake inapopima mahitaji ya mtu mwenye ulemavu. Kwa maneno mengine, mpimaji aliruhusiwa kuangalia pochi yake kabla ya kusoma mizani.

Tangu Aprili 2015, Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 imeweka kigezo kimoja cha kitaifa cha nani anastahili kusaidiwa nchini England, ili Greenwich na Bexley zitumie mizani ya aina moja. Sheria hiyo inaitaka halmashauri imtafutie mtetezi huru mtu mwenye shida kubwa ya kushiriki katika tathmini yake, iwapo hana ndugu au rafiki anayefaa kumsemea. Na mtetezi huyo hawezi kuwa mtu anayelipwa kumhudumia mhusika.

Umuhimu wa kifungu hicho ulikuwa umeonekana kwa njia ya kusikitisha. Mei 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha jinsi wagonjwa wenye ulemavu wa akili walivyoteswa katika hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Mwaka 2012 wafanyakazi 11 walihukumiwa, sita kati yao wakipelekwa gerezani. Kosa la wafanyakazi lilikuwa bayana. Lililojificha zaidi lilikuwa la hesabu: kila mgonjwa aliiletea hospitali wastani wa pauni 3,500 kwa wiki, na wataalamu walioajiriwa na hospitali hiyo walikuwa na sauti kubwa katika kuamua kama mgonjwa yuko tayari kuondoka. Baadaye utaratibu uliwekwa wa kumshirikisha mtu wa nje ya hospitali, akiwemo mtu aliyewahi kuyapitia mambo hayo mwenyewe, katika kuamua kama mgonjwa anahitaji kweli kubaki.

Dalili za kutazamwa

Historia hiyo inampa familia ya leo, iwe Thamesmead au kwingineko, macho ya kuonea. Mgongano wa maslahi una sura chache zinazojirudia.

Sura ya kwanza ni mshauri anayetaja kampuni moja tu. Anayeshauri kwa haki hutaja zaidi ya moja, na akiulizwa kama analipwa kwa kila mteja anayempeleka, hujibu bila kukasirika.

Sura ya pili ni mwenye nyumba ambaye pia ndiye mtoa huduma. Mtu akipanga nyumba na kupewa wahudumu na kampuni ile ile, kumkataa mhudumu kunaweza kuonekana kama kuhatarisha paa. Ni vema mkataba wa nyumba na mkataba wa huduma viwe karatasi mbili, na kimoja kiweze kuvunjwa bila kingine.

Sura ya tatu ni mhudumu anayeshika fedha za anayemhudumia, au anayejaza fomu ya kupima kama saa za huduma ziongezwe. Kila saa inayoongezwa ni mapato yake. Kila hatua ya mhusika kuelekea kujitegemea ni hasara yake.

Sura ya nne ni chama cha utetezi kinachoishi kwa mkataba wa halmashauri. Hata vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe, vilipoanza kupokea fedha za halmashauri ili kutoa ushauri juu ya malipo ya moja kwa moja, vilijikuta vikiulizwa swali ambalo Paul Hunt aliwauliza wataalamu. Mkataba huo si dhambi. Kuuficha ndiyo dhambi.

Sura ya tano inawagusa Waafrika wengi. Kuanzia Februari 2022 Uingereza iliruhusu kampuni za huduma kuajiri wahudumu kutoka ng'ambo kwa viza maalumu. Julai 2025 ilifunga mlango huo kwa maombi mapya kutoka nje ya nchi. Mhudumu wa namna hiyo hukaa nchini kwa udhamini wa mwajiri wake. Akiona huduma mbaya, kumtaja mwajiri kunaweza kumgharimu kibali. Familia inayomtegemea mhudumu huyo kama shahidi inapaswa kujua uzito anaoubeba.

Dawa ya hali hizi zote ni maswali matatu, yaulizwe mapema na majibu yaandikwe: nani anakulipa? Nikimchagua mwingine, wewe unapoteza nini? Na nikiwa na malalamiko dhidi yako, nimpelekee nani asiye wewe? Nchini England, malalamiko ambayo halmashauri au mtoa huduma ameshindwa kuyamaliza yanaweza kufikishwa kwa Mchunguzi Maalumu wa serikali za mitaa na huduma za jamii.

Kutoka Thames hadi Pwani

Afrika Mashariki haina mfumo wa halmashauri kulipia wasaidizi wa nyumbani kama wa Uingereza. Mzigo mkubwa unabebwa na familia, mashirika ya dini na ya hiari. Lakini kofia zile zile zipo. Shirika linalogawa viti vya magurudumu mara nyingi ndilo linaloamua nani anakihitaji, na ndilo linaloandika ripoti kwa mfadhili kwamba viti vimefaa. Ndugu anayepokea msaada kwa niaba ya kaka yake mwenye ulemavu ndiye pia anayesema kaka ameridhika.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 umelitaja jambo hili waziwazi. Ibara yake ya 12 inataka ziwepo kinga za kuhakikisha kwamba hatua zinazohusu mtu kutumia uwezo wake wa kisheria ziko huru na mgongano wa maslahi na shinikizo lisilo halali. Kenya na Uganda ziliuridhia mkataba huo mwaka 2008, Tanzania na Uingereza mwaka 2009. Kwa hiyo jirani wa Thamesmead na jirani wa Temeke wanaweza kunukuu ibara moja.

Na kwa upande mmoja, lugha ya Kiswahili ililiona jambo hilo mapema. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulianzishwa mwaka 1985, na shirikisho la vyama vya Tanzania Bara linaitwa SHIVYAWATA, Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania. Katika majina yote mawili, watu wenye ulemavu ndio wenye chama. Si wateja wake, wala si wagonjwa wake.

Sheria zinaweza kutenganisha kofia, na wakaguzi wanaweza kuandika ripoti. Lakini hakuna sheria iliyowahi kumzuia mwamba ngoma asivutie kwake. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba mwenye ngoma yupo pale inapowambwa, anaona kamba inavutwa wapi, na ana haki ya kusema: basi, hapo inatosha.